Mtu Aliyedhani Amemwuza Kristo

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 25:29–34, 27:30–38, Ezekieli 18:24, Luka 22:31–34, 54–62, Yohana 6:37, 2 Wakorintho 12:9, Waebrania 6:4–6, 10:26–29, 12:15–17, 1 Yohana 2:1.

Kila mwalimu wa lesoni amewahi kuulizwa swali hili, na mara nyingi haliulizwi darasani. Linaulizwa nje baada ya ibada, watu wakiwa wametawanyika, na mwulizaji huanza kwa kusema kwamba anauliza kwa niaba ya rafiki yake. Je, mtu aliyebatizwa na kumjua Bwana, akatenda dhambi akiwa na macho wazi, bado ana wokovu? Je, iko dhambi ambayo mtu akishaitenda mlango hufungwa, hata akilia?

Zaidi ya miaka mia tatu na hamsini iliyopita swali hilo lilimtesa fundi mmoja kijana wa Uingereza kwa zaidi ya miaka miwili. Wengi wetu tunamjua kwa kitabu chake kinachosimulia safari ya Mkristo kwenda mji wa mbinguni. Ellen White anamtaja kwa heshima katika Pambano Kuu. Lakini miaka iliyotangulia kitabu hicho haisimuliwi sana, na ndiyo inayotuhusu hapa.

John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria na vyombo vya shaba, kazi ya watu wa chini, na mtoto akairithi. Alipelekwa shule kiasi cha kujua kusoma na kuandika, basi. Mwaka 1644 mama yake alifariki, na muda mfupi baadaye dada yake. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, akaingia jeshi la Bunge lililokuwa likipigana na Mfalme Charles wa Kwanza. Siku moja alipangwa kwenda kuuzingira mji fulani. Mwenzake akaomba aende badala yake, naye akapigwa risasi ya kichwa akiwa zamu ya ulinzi, akafa. Bunyan hakuisahau siku hiyo, ingawa wakati ule haikumgeuza.

Alirudi kijijini akaoa mwanamke maskini kama yeye. Nyumba yao haikuwa na sahani wala kijiko cha kujivunia; mke alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Bunyan alikuwa hodari wa matusi na viapo, kiasi kwamba mwanamke mmoja wa mtaani, ambaye mwenyewe hakuwa na sifa njema, alimkemea hadharani kuwa anawaharibu vijana wa mji mzima. Aliona aibu, akaacha matusi. Akaacha michezo ya Jumapili, akaacha kupiga kengele za kanisa kwa kujifurahisha, akaacha kucheza ngoma. Majirani wakamsifu, naye akaona kwamba hapana mtu katika Uingereza anayempendeza Mungu kama yeye.

Ndipo siku moja, akiwa Bedford kwa kazi yake, alipowakuta wanawake watatu au wanne maskini wameketi mlangoni wakiota jua na kuzungumza. Alisogea, maana yeye naye alikuwa mzungumzaji mzuri wa mambo ya dini. Lakini hakuwa na la kuchangia. Walikuwa wakieleza jinsi Mungu alivyowazaa upya, jinsi walivyouona uovu wa mioyo yao, na jinsi Kristo alivyowafariji. Walizungumza kwa furaha kama watu waliogundua nchi nyingine. Alirudi kwao tena na tena. Nao wakampeleka kwa mchungaji wao, John Gifford, ambaye zamani alikuwa ofisa katika jeshi la mfalme na mtu wa maisha mabaya. Bunyan akapata pia nakala kuukuu ya maelezo ya Luther juu ya Wagalatia, karibu iachane kurasa mkononi, akaona kana kwamba imeandikwa kutoka moyoni mwake mwenyewe. Akampenda Kristo. Hili tulishike vizuri, kwa sababu yanayofuata hayakumpata mtu wa nje. Yalimpata mtu aliyekwisha kuonja.

Jaribu lilikuja bila kubisha hodi. Wazo liliingia kichwani mwake kwamba amwuze Kristo, ambadilishe kwa chochote kilicho mbele yake. Wazo hilo lilikaa mwaka mzima. Hakuweza kula chakula, wala kuinama kuokota pini, wala kupasua kuni, bila kusikia akiambiwa amwuze Kristo kwa kitu hicho. Alikataa. Alikataa hata kwa mwili, akisukuma kwa mikono na viwiko kama mtu anayepigana na adui aliye karibu naye, akisema hatamwuza hata kwa maelfu ya ulimwengu. Wakati mwingine aliinuka mezani kabla ya kushiba ili akaombe.

Asubuhi moja, akiwa bado kitandani, mashambulizi yalizidi. Alipinga mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akahisi wazo likipita moyoni, kwamba basi, na aende kama anataka. Bunyan alidhani pia kwamba moyo wake ulilikubali wazo hilo. Akaanguka kama ndege aliyepigwa risasi juu ya mti. Akatoka kwenda shambani, na kwa saa mbili alikuwa kama mtu asiye na uhai.

Soma Waebrania 12:15–17. Fungu hili ndilo lililomshika. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mlo mmoja, na baadaye alipotaka kuirithi baraka alikataliwa, ingawa aliitafuta kwa machozi. Bunyan alijiona humo. Asubuhi, mchana na usiku Esau alikuwa mbele ya macho yake. Akafungua Waebrania 6 na kusoma juu ya wale walioonja kipawa cha mbinguni kisha wakaanguka. Akafungua sura ya 10 na kusoma juu ya dhambi ya makusudi baada ya kuijua kweli. Malango matatu, na yote akayaona yamefungwa.

Alianza kupima dhambi yake kwa dhambi za wengine, na hapa nadhani wengi wetu tutajitambua. Daudi alizini na kuua. Lakini, alijiambia, Daudi alivunja sheria ya Musa, mimi nimemwuza Mwokozi mwenyewe. Manase alijaza Yerusalemu damu, Manase akasamehewa. Petro alimkana Bwana, tena kwa kiapo, na Bunyan alikaa hapo muda mrefu kwa kuwa ndiyo dhambi iliyofanana zaidi na yake. Lakini Petro alikana; hakuuza. Aliyeuza ni Yuda. Kwa hiyo akajilinganisha na Yuda, na kitu pekee alichokiona kinachowatenganisha ni kwamba Yuda alipanga: alikwenda kwa makuhani, akapatana nao bei, akatafuta nafasi (Mathayo 26:14–16). Yeye Bunyan alianguka akiwa anaomba na kupigana. Ilikuwa tofauti kubwa kuliko alivyoweza kuiona wakati ule.

Mambo mengine yakamkandamiza zaidi. Alisoma habari za Francesco Spiera, mwanasheria wa Italia ambaye mwaka 1548 aliikana imani ya injili mbele ya wakuu wa kanisa kwa kuogopa hasara, kisha akafa kwa kukata tamaa akisema amelaaniwa. Kitabu hicho kilikuwa kama chumvi kwenye kidonda kibichi. Akamwendea Mkristo mmoja mzee, akamwambia kwamba anafikiri ametenda dhambi dhidi ya Roho Mtakatifu. Mzee akajibu kwamba hata yeye anafikiri hivyo. (Tuwe waangalifu, ndugu wazee wa kanisa. Mtu anapokuja kwetu akiwa amebeba mzigo kama huo, jibu la haraka linaweza kumtupa mwaka mzima shimoni.) Siku nyingine Bunyan aliketi kwenye benchi barabarani katika mji wa jirani, akainua kichwa, akaona kana kwamba jua linamnyima nuru yake, na mawe ya barabara na vigae vya nyumba vimeungana kumpinga.

Hapa tusimame kidogo, maana mafundisho yetu na mafundisho ya Bunyan hayako sawa katika jambo hili. Yeye aliamini, kama wengi wa wakati wake, kwamba wateule wa Mungu hawawezi kupotea kabisa. Mtu angedhani imani hiyo ingempa usingizi. Haikumpa. Ilihamisha tu hofu yake mahali pengine: badala ya kuuliza kama amepotea, aliuliza kama aliwahi kuwa mmoja wao. Sisi tunafundisha kwamba mtu aliyeokolewa bado ana uhuru wa kugeuka na kuondoka. Ezekieli 18:24 inasema wazi juu ya mwenye haki aiachaye haki yake, na Paulo mwenyewe alijihadhari asije akakataliwa baada ya kuwahubiria wengine (1 Wakorintho 9:27). Lakini katika kulikataa fundisho la kwamba aliyeokolewa mara moja hapotei kamwe, baadhi yetu tumetumbukia upande wa pili wa barabara. Tunaishi kama watu wanaotoka katika wokovu asubuhi kwa kumfokea mtoto, na kuurudia jioni wakishatubu, na kuomba sana wasife mchana. Mwulize mshiriki wa kawaida kama Kristo akija leo atakwenda naye, na usikilize atakavyojibu. Wengi hujibu kwa kuhesabu dhambi zao za juma hili. Bunyan angewaelewa.

Swali kwa darasa: Soma 1 Yohana 2:1. Yohana anawaandikia watoto wake wasitende dhambi, na papo hapo anawaambia wana Mwombezi wakitenda. Kwa nini hakuona kwamba sentensi ya pili inaharibu ya kwanza?

Nafuu ya Bunyan haikuja kwa siku moja. Ilikuja na kuondoka, wakati mwingine mara nyingi kwa siku. Fungu moja lilimshikilia zaidi ya mengine, lile ambalo Bwana anamwambia Paulo kuhusu mwiba wake, kwamba neema yake inatosha (2 Wakorintho 12:9). Alilipokea fungu hilo kwa furaha, kisha akagundua kwamba maneno ya mwisho hayamjii, yale yanayosema kwamba inamtosha yeye. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yako mwishoni na yanaweza kukatwa, sentensi ikabaki nzima. Katika Biblia yetu jambo hilo limebebwa na silabi moja iliyo katikati ya kitenzi, nasi huipita tukisoma haraka. Bunyan hakuweza kuipita. Neema ya kutosha ilikuwapo, hilo aliliamini, lakini kwake? Mpaka siku moja akiwa kwenye mkutano wa waumini, fungu lile likamjia lote, mara tatu, pamoja na maneno aliyoyakosa, akarudi nyumbani akilia.

Kisha alitamani kujua ingekuwaje kama fungu la Esau na fungu la neema yangekutana moyoni mwake kwa wakati mmoja. Yakakutana. La Esau likafifia na kuondoka. La neema likabaki. Kulikuwa na ahadi nyingine aliyoing'ang'ania, ya Yohana 6:37, ambapo Yesu anaahidi kutomtupa nje yeyote anayekuja kwake. Bunyan alieleza baadaye kwamba yeye na Shetani waliivuta ahadi hiyo kila mmoja upande wake, na Mungu akampa yeye ushindi. Halafu, akipita shambani, akaona kwa jicho la imani kwamba haki yake iko mbinguni, kuume kwa Mungu, na kwamba haki hiyo ni Yesu Kristo mwenyewe. Hali njema ya moyo wake haikuiongeza, wala hali mbaya haikuipunguza. Minyororo ikaanguka miguuni. Sisi tunaofundisha habari za Kuhani Mkuu aliye katika patakatifu pa mbinguni tunapaswa kuielewa siku hiyo kuliko watu wengine wote.

Baada ya kupata pumzi ndipo aliporudi kwenye yale mafungu matatu, akayasoma tena polepole. Akaona kwamba Waebrania 6 na 10 hayasemi juu ya mtu aliyeteleza huku akililia msaada. Yanasema juu ya mtu anayemkana Kristo kabisa, anayemkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu yake kuwa kitu cha kawaida. Akarudi kwa Esau. Mwanzo 25 inaeleza kwamba Esau alikula, akanywa, akainuka, akaenda zake, na kwamba aliidharau haki yake. Hakuna machozi hapo. Esau hakulia kwa kuuza haki ya mzaliwa wa kwanza. Alilia miaka mingi baadaye, katika sura ya 27, alipoona baraka imemponyoka. Bunyan akaona kwamba Esau alitaka baraka bila kuitaka ile haki aliyoiuza. Wako wanaoutaka mji wa mbinguni kwa namna hiyohiyo, bila kumtaka Mwenye mji.

Swali kwa darasa: Katika Luka 22:31–34, Yesu anasema amekwisha kumwombea Petro kabla Petro hajaanguka, tena anamwambia la kufanya atakapokuwa amerudi. Hilo linabadilishaje namna tunavyomwendea ndugu aliyeanguka juma lililopita?

Novemba 1660 Bunyan, sasa mhubiri, alikamatwa akiwa katika mkutano wa ibada nyumbani mwa watu, kwa sababu hakuwa na kibali cha kanisa la serikali. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki, akiacha watoto wanne wadogo, na wa kwanza wao, Mary, alikuwa kipofu. Mke wa pili, Elizabeth, alikuwa mjamzito. Habari za kukamatwa zilimshtua, akajifungua kabla ya wakati, mtoto akafa. Mwaka uliofuata mwanamke huyo kijana alisimama mbele ya majaji mjini Bedford kumtetea mumewe, akarudi mikono mitupu.

Mlango wa gereza ulikuwa na ufunguo rahisi. Bunyan angetoka siku yoyote ambayo angeahidi kutohubiri. Alikaa humo karibu miaka kumi na miwili, akitengeneza kamba za viatu ziuzwe ili wanawe wale. Aliandika kwamba kutengana na familia kulikuwa kama kunyofolewa nyama kutoka kwenye mifupa, hasa akimfikiria yule mtoto kipofu, ambaye asingevumilia hata upepo umguse. Mtu aliyelala kitandani miaka ya nyuma akidhani amemwuza Kristo bure, sasa alipewa bei halisi, mkate wa Mary, na hakumwuza. Humo gerezani, mwaka 1666, ndimo ilimotoka habari ya maisha yake ambayo nimekuwa nikiifuata katika somo hili.

Aliachiliwa mwaka 1672, akawa mchungaji wa kusanyiko lilelile la Bedford. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1678. Wanaokisoma kwa haraka hukumbuka mzigo unaoanguka msalabani, na ile ngome ya mashaka ambamo wasafiri wawili wamefungwa na jitu, mpaka mmoja anakumbuka kwamba tangu mwanzo amekuwa na ufunguo wa ahadi kifuani. Lakini Bunyan aliweka pia humo mtu aliyeketi ndani ya kizimba cha chuma, aliyekuwa muumini zamani, akaacha kukesha, akaziachia tamaa zake hatamu, na sasa anasema hawezi kutubu. Na karibu na mlango wa mbinguni kabisa aliweka njia ya kwenda jehanamu. Mtu aliyefarijiwa vile hakuziondoa picha hizo, na ningewaomba walimu wasizipite.

Hatumsomi Bunyan kwa sababu alikubaliana nasi katika kila jambo. Mwaka 1685 aliandika kitabu kizima cha kuipinga Sabato ya siku ya saba.

Agosti 1688, akiwa na miaka karibu sitini, kijana mmoja jirani yake alimjia na shida. Alikuwa amemkosea baba yake, na mzee huyo, aliyeishi mji wa Reading, alikuwa ameapa kumnyima urithi. Bunyan akapanda farasi akaenda. Alizungumza na baba huyo mpaka moyo wake ukalainika, akakubali kupatana na mwanawe. Kutoka Reading akaelekea London katika mvua kubwa, akafika kwa rafiki yake akiwa ameloa chapachapa. Alihubiri tena baada ya hapo, kisha homa ikamshika. Alifariki tarehe 31 Agosti, akazikwa Bunhill Fields.